Mwalimu wa Wete na mshahara uliokataa kuhama benki

Suali la wiki hii limetoka Pemba, nalifupisha kidogo lakini maneno ni ya mwenyewe:

"Asalaam alaykum. Mie mwalimu wa skuli ya sekondari huku Wete, muajiriwa wa Serikali. Nna akaunti benki moja mwaka wa tisa huu, na mwaka jana nikachukua mkopo wa mshahara milioni 6, kulipa miaka mitatu. Nimechoka na makato nisiyoyaelewa, na tena moyo wangu hautulii na riba, nikenda Chake Chake nikafungua akaunti benki nyengine inayofuata sharia. Mwezi wa nne sasa mshahara unaingia kule kule kwa zamani. Afisa utumishi anataka barua ya benki ya zamani, benki ya zamani inasema nimalize mkopo kwanza, benki mpya inasema hawawezi kuununua mkopo mpaka mshahara uanze kupita kwao. Nazungushwa tu. Nimeshatiwa fikra niiache ile akaunti ya zamani ijifie yenyewe. Na mama yangu mstaafu pensheni yake nayo inapita hapo hapo, nimuhamishe pamoja na mie? Nisaidieni."

Wa alaykum salaam mwalimu wangu. Mie nimekaa nyuma ya kaunta ya benki miaka kumi na moja, miwili katika hiyo huko huko Chake, na ntakwambia kitu kimoja kabla ya yote: hukukosea popote. Watu kama wewe nimewaona wengi, wanakuja na bahasha imejaa fotokopi, wameshapanda gari mara tatu nne, na kila dirisha linawapeleka dirisha jengine, mwisho wanajiona wao ndio wajinga. Si ujinga. Kwetu hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kukuhamisha wewe kutoka benki hii mpaka ile, kila mmoja ana kipande chake tu, na vipande vile vinakuja kuungana mkononi mwako wewe.

Uingereza kwa mfano tangu Septemba 2013 wana utaratibu wa kuhama akaunti ndani ya siku saba za kazi, unakwenda benki mpya unasaini, wao ndio wanaoifata ile ya zamani, wanahamisha salio na malipo yako yote ya kila mwezi, na pesa ikija kwa namba ya zamani inageuzwa njia inakufikia. Sisi hatuna hicho. Namba ya akaunti yako inabaki kwenye benki ile ile, ukihama unapewa namba mpya na kila aliyekuwa na ile ya zamani inabidi umfate wewe mwenyewe. Lakini sikiliza vizuri, hata huko kwao mkopo hauhami kwa utaratibu ule, mkopo unashughulikiwa mbali. Kwahivyo kilichokukwamisha wewe si akaunti, ni mkopo. Akaunti umeshaifungua, hilo limekwisha. Sasa tuzungumze mkopo.

Kitu cha mwanzo, toa slipu yako ya mshahara uitandaze mezani, uniangalilie nani ameshika mkasi. Maana makato yapo ya namna mbili na watu wengi wanayachanganya. Yapo yanayokatwa na mwajiri kabla mshahara haujatoka, hayo utayaona yameandikwa kwenye slipu, mchango wa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), kodi, bima ya afya, na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar basi na hiyo pia. Hayo hayajali unatumia benki gani, hata ukihama mara kumi yanakatwa vile vile, usiyahangaikie. Na yapo yanayokatwa na benki yenyewe mshahara ukishaingia, hayo kwenye slipu hayapo, utayaona kwenye taarifa ya akaunti tu. Mkopo wako uko upande upi? Kama umo kwenye slipu, maana yake mwajiri anakata na kuipelekea benki, basi ule mshahara unaobaki hata ukienda benki nyengine deni litaendelea kulipwa, na hiyo ni hoja nzuri ya kuiweka mbele ya benki yako ya zamani kwa maandishi. Kama haumo kwenye slipu, basi benki inategemea mshahara uingie kwao ndio wajikatie wenyewe, na hapo hawatakubali kirahisi na wala tusiwalaumu kwa hilo, kwasababu siku uliposaini ule mkopo kulikuwa na karatasi moja ambayo mwajiri wako nae aliisaini, ya kuahidi kwamba mshahara wa fulani hautobadilishwa njia mpaka deni limalizike au benki iridhie. Watu hawaikumbuki karatasi ile kwasababu siku ile mtu anafikiria pesa tu. Afisa utumishi anaikumbuka, ndio maana anakudai barua. Hakufanyii inda, jina lake liko pale.

Sasa hesabu, na hapa naomba ukae na kalamu. Milioni 6 kwa miezi 36, mie sijui riba yako lakini tuchukue mfano wa asilimia 16 kwa mwaka kwa deni linalopungua, rejesho lake linakuja kama 211,000 kwa mwezi. Tuseme umeshalipa miezi 12, maana yake kama milioni 2 na laki 5 na thalathini elfu zimetoka mfukoni mwako. Ukidhani deni limepungua kiasi hicho hicho utapata mshtuko, limepungua kama milioni 1 na laki 7 tu, kwasababu mwanzoni sehemu kubwa ya rejesho ni riba, ule mwezi wa kwanza peke yake katika 211,000 zako 80,000 zilikwenda kwenye riba. Kwahivyo unachodaiwa leo ni kama milioni 4 na laki 3 na kidogo. Lakini ukimuuliza mtu pale kaunta "nadaiwa ngapi" kwa haraka haraka anaweza kukuzidishia marejesho 24 yaliobaki, akakwambia milioni 5 na elfu sitini. Tofauti yake ni kama laki 7 na nusu! Hiyo ni riba ya miaka miwili ambayo haijafika bado. Nimeona mtu na macho yangu anakubali kukopeshwa na benki mpya kwa ile namba kubwa kwasababu ndiyo aliyoandikiwa kwenye kijikaratasi, hakuna muhuri hakuna tarehe, penseli.

Basi usikubali ya kijikaratasi. Omba kwa barua, uandike "naomba kujulishwa kiasi cha kumaliza mkopo wangu kufikia tarehe kadhaa", na waandike mambo matatu: deni la msingi lililobaki, riba mpaka siku hiyo (na kila siku ikizidi inaongezeka ngapi), na ada ya kulipa kabla ya muda kama ipo kwenye mkataba wako. Ile ada ya mwisho watu hawaitegemei kabisa halafu inakuja kuwakata ini dakika za mwisho. Barua yako piga fotokopi, ile kopi wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hilo la muhuri usilione dogo, bila ya muhuri barua yako ikipotea ni kama hukuwahi kwenda.

Ukishaijua namba ya kweli ndio uulize kama inafaa kuhama. Nakuendeleza na mfano ule ule. Chukulia benki mpya inakununulia ile milioni 4 na laki 3 kwa gharama ya asilimia 14, rahisi zaidi, unafurahi. Wakikuwekea miezi 36 mipya rejesho linashuka mpaka kama 147,000, unajiona umepumua, lakini zidisha: jumla milioni 5 na laki 3, wakati ungebaki ulipo ungemaliza kwa milioni 5 na elfu sitini, na ungemaliza mwaka mmoja kabla. Umelipa zaidi kwa benki iliyo rahisi. Ukiwaambia wakuwekee miezi 24 ile ile iliobaki, rejesho linakuwa kama 207,000 na unaokoa kiasi cha laki moja tu kwa miaka miwili yote, sasa ikiwa wana ada ya kufungua mkopo asilimia 2 imeshakula 86,000 katika hiyo laki, bado nauli za Chake. Kwahivyo kama nia yako ilikuwa ni kuokoa pesa peke yake ningekwambia mwalimu wangu tulia, hama akaunti yako ya kuwekea akiba na mkopo umalize pale pale. Lakini wewe umesema moyo hautulii na riba, na hilo ni jambo jengine halipimwi kwa kalkuleta, mie sintokwambia uache kwa ajili ya laki moja.

Ila kwenye hilo la riba kuna pahala nataka uulize kwa makini sana, kwasababu neno "tunanunua mkopo" kwenye benki ya sharia si jepesi kama linavyosemwa. Benki inayofuata sharia haiwezi kukupa pesa taslim milioni 4 wewe uirudishie milioni 5, hiyo ni ile ile uliyoikimbia. Wanachofanya kwa kawaida ni murabaha, yani wananunua kitu, kinakuwa chao, halafu wanakuuzia wewe kwa bei ya juu inayojulikana na unalipa kidogo kidogo. Sasa deni si kitu cha kuuza, hakuna friji wala bati ndani yake. Kwahivyo waulize, kwa njia gani mnalilipa deni langu? Wengine watakwambia ni qardh hasan, mkopo usio na ziada, ambao kwa kiwango hicho si wengi watakaokupa. Wengine watakwambia tawarruk, wanakuuzia bidhaa kwa mkopo halafu inauzwa kwa mtu mwengine upate pesa taslim, na hapo wanazuoni wamekhitilafiana, hasa ile ambayo benki yenyewe inapanga kununua na kuuza yote mteja hata bidhaa haijui, baraza la fikihi la kimataifa mwaka 2009 lilisema haifai na wapo wengine walioikubali kwa masharti. Mie si sheikh, ni mtu wa benki, kwahivyo karatasi zao zichukue uende nazo kwa mwanachuoni unayemuamini huko Wete kabla hujasaini. Benki yenye kamati ya sharia ya kweli haitoudhika na suali hilo, tena watafurahi umeuliza. Akikujibu mtu "ni halali tu usijali" bila ya kukuonesha mkataba, rudi nyumbani kwanza.

Haya, sasa ule mzunguko wa barua. Watatu hawa kila mmoja anasubiri mwenziwe aanze, na siri yake ni kwamba haitangulii pesa wala mshahara, inatangulia karatasi. Anza na benki mpya, na usiende kwa yule aliyekufungulia akaunti, yeye wa mikopo hamjui wala si kazi yake, mtake afisa mikopo, na kama tawi halina basi meneja. Wapelekee slipu za miezi mitatu, taarifa ya akaunti ya miezi sita kutoka benki ya zamani, na ile barua ya kiasi cha kumaliza deni. Waombe wakuandikie barua ya kwamba wako tayari kulilipa deni lako kwa sharti mshahara uhamie kwao. Hawatoi hata senti bado, wanatoa ahadi. Ahadi hiyo unaipeleka kwa afisa utumishi, anaandika kwamba mshahara utahamishwa benki ya zamani ikishathibitisha kulipwa. Hapo kila mtu ana karatasi ya mwenziwe, hakuna anayeruka gizani. Halafu benki mpya inalipa moja kwa moja kwa benki ya zamani, kwa njia ya TISS ule mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki, haipiti mkononi mwako na wala usikubali ipite, pesa ya kulipia deni ikiingia akaunti yako kwanza huwa ina miguu. Benki ya zamani inatoa barua ya kumaliza deni na kuuachia mshahara, kopi kwa mwajiri. Bas.

Na wakikwambia tena "mpaka mshahara upite kwetu kwanza"? Waulize kwa upole, hiyo ni sera iliyoandikwa au ni kawaida ya tawi? Mara nyingi ni kawaida ya tawi. Mie mwenyewe nilikuwa nikiisema, kwasababu niliikuta ikisemwa.

Angalia na kalenda. Usipeleke mabadiliko ya akaunti tarehe 20 ukategemea mwezi ule ule, mishahara inakuwa imeshatayarishwa. Peleka siku za mwanzo za mwezi, na hata hivyo mwezi wa mwanzo usiuamini, wacha akaunti zote mbili ziwe hai mpaka uone mishahara miwili kamili imeingia kwa mpya.

Halafu jina. Wallahi jina limewaumiza watu kuliko riba. Kitambulisho cha Mzanzibari kimeandikwa Mohamed, kwenye faili la kazini Moh'd, benki wameandika Mohammed na emu mbili, na yeye ni mtu mmoja na anajulikana mtaa mzima. Alikuja kwangu bwana mmoja, fundi wa idara ya maji, mshahara wake wa mwezi wa mfungo umetoka kazini haukuingia kwetu, na kule kwa zamani hauko. Ana watoto watano na sikukuu imebaki siku nne. Tukaitafuta ile pesa siku mbili nzima, kumbe imekaa kwenye akaunti ya kusubiria ya benki, mfumo umeona jina na namba havilingani ukaiweka pembeni, hakuna aliyempigia simu. Nilipoiona kwenye skrini nilimgeuzia aione na yeye, akakigusa kile kioo kwa kidole kama anataka kuhakikisha. Sijaisahau sura yake. Kwahivyo kabla hujapeleka fomu kwa afisa utumishi chukua kitambulisho, slipu na karatasi ya akaunti mpya uziweke pamoja, usome herufi kwa herufi, majina matatu yote. Kama umeolewa ukabadilisha jina popote, angalia mara mbili. Kikipatikana kosa rekebisha benki kwanza, ndio rahisi, kazini utachukua muda.

Sasa ile fikra ya kuiacha akaunti ijifie. Hapana mwalimu, na hapa nakuomba kabisa kabisa. Akaunti haifi kwa kuachwa. Mie mtu wa benki, mwenye kuyajua haya, nilipotoka kazini nikaacha akaunti yangu moja na 14,000 ndani, nikajisemea zitajimaliza. Baada ya miaka miwili nikahitaji barua ya benki ile ile kwa jambo la kiwanja, nikenda, keshia kijana mdogo akaangalia skrini akaniangalia mie, "mama hapa unadaiwa 34,000". Ada ya mwezi elfu mbili, mara miezi ishirini na nne, ilimaliza ile 14,000 halafu ikaendelea kwenda chini ya sifuri. Nikalipa, nikaandika barua ya kufunga, nikaondoka na hasira lakini na karatasi. Benki nyengine zinaisimamisha ada akaunti ikilala, nyengine hazisimamishi, hujui yako iko wapi mpaka usome ile orodha ya ada waliobandika ukutani pale tawini. Na wewe una mkopo juu yake, hilo ni zito zaidi: mshahara ukiacha kuingia na rejesho halijakatwa, baada ya muda unaandikwa mdaiwa sugu na taarifa hiyo inakwenda kwenye kanzidata ya mikopo inayosimamiwa na Benki Kuu, benki zote zinaisoma, hata hiyo mpya ya Chake. Utakuwa umejifungia mlango unaoutaka kuingia.

Kwahivyo ukimaliza deni na mishahara miwili imeingia kwa mpya, ndio unakwenda kufunga. Kwanza hakikisha hakuna kinachoning'inia: maagizo ya kudumu kama ya ada ya watoto au ya kikoba, programu ya simu uliyoiunganisha na pesa za mtandao (itoe, maana mtu anaweza siku moja kubonyeza kwa mazoea akatuma pesa akaunti ile), na jamaa wa nje wanaokutumia, wapelekee namba mpya. Taarifa ya akaunti ya mwaka mzima ichukue wakati akaunti bado iko hai, baadae utasumbuliwa. Salio lililobaki lihamishe kwa TISS au kama ni kidogo kwa simu tu, siku hizi mfumo wa TIPS wa Benki Kuu unaunganisha mabenki na mitandao ya simu, inafika papo hapo. Kadi waikate mbele yako. Na usitoke bila ya barua yenye muhuri inayosema akaunti namba kadhaa imefungwa tarehe kadhaa na haina deni. Watakwambia itakuwa tayari wiki ijayo, sawa, rudi wiki ijayo. Najua Wete mpaka Chake na kurudi ni nusu siku na kipindi cha skuli kimekupita, ndio maana nakwambia omba namba ya simu ya tawi na jina la mtu, upige kabla hujapanda gari.

Kuhusu yale makato usioyaelewa, hiyo ni haki yako na si lazima uhame ndio uipate. Chukua taarifa ya miezi mitatu, tia duara kila kato usilolijua, mpelekee mtu wa huduma kwa wateja akueleze moja moja. Utakuta ada ya mwezi, ada ya meseji, ya kutolea pesa kwenye mashine ya benki nyengine, hiyo ya mwisho huku Pemba inaumiza kwasababu mashine si nyingi na mtu anatumia iliopo karibu. Lakini mara nyengine utakuta kitu ambacho hukuwahi kukiomba, bima ndogo au huduma ya simu uliowekewa siku unasaini mafomu mengi. Hiyo wanaiondoa, na ukisisitiza kwa maandishi wapo wanaorejesha.

Wakikukatalia vyote hivyo, barua zako zina mihuri na wiki zinapita, basi usiende wizarani. Watu wetu wengi wanakwenda kulalamika SMZ, yani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na wanarudi mikono mitupu kwasababu shughuli za mabenki ni jambo la Muungano, msimamizi ni Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu ina tawi lake hapa Zanzibar. Ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki na zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Sharti lao uwe umeshalalamika benki yako kwanza kwa maandishi, ndio maana kila hatua nakutajia muhuri. Sikwambii uende leo, lakini nimeona mara nyingi faili lililolala miezi mitatu likaamka siku mteja alipoandika mwisho wa barua yake "nakala: Benki Kuu".

Kuna mtu atakuuliza pesa zako zitakuwa salama huko unakohamia. Benki yenye leseni imo kwenye Bima ya Amana, ambayo siku hizi inakinga mpaka milioni 7 na nusu kwa mteja kwa benki ikianguka. Kwa akaunti ya mshahara inatosha.

Mwisho mama. Mama yako muache alipo kwanza. Usimuhamishe pamoja nawe kwa sababu tu wewe umechoka, maana yeye hajasema amechoka. Pensheni ikikwama njiani wewe una mshahara, yeye hana kitu chengine, na mstaafu akibadilisha akaunti inabidi ahakikiwe upya, na kama siku hizi anaweka dole gumba badala ya saini basi kila fomu inataka aende mwenyewe. Nawakumbuka mabibi waliokuwa wakija Chake asubuhi mapema, bui bui limepigwa pasi, wanaweka dole kwenye wino halafu hawajui wajifutie wapi, mie nilikuwa nikiweka kitambaa pale pembeni ya dirisha kwa ajili yao. Malizana na yako, ukae miezi sita na benki mpya uone foleni yao, uone mashine yao inatoa pesa siku ya mshahara au imeandikwa haina huduma, uone wakala wao wa karibu na nyumbani ni nani. Halafu mkae na mama mumuulize. Akitaka, nenda nae wewe mwenyewe siku moja, na fomu za ZSSF au za hazina kutegemea pensheni yake inatoka wapi, na namba yake ya siri aiweke yeye kwa mkono wake, wewe ugeuke pembeni.

Ile barua ya kiasi cha kumaliza deni ukiipata niletee namba zake tatu, ntakufanyia hesabu ya kweli badala ya hii ya mfano.